Mooi Leng Bado Anakula

Ukitaka kumjua Swee Gim, mtazame anavyokunja mfuko wa plastiki. Hautupi hata siku moja. Anaulaza mezani, anaunyoosha kwa kiganja, anaukunja pembetatu, kisha pembetatu ndogo zaidi, mpaka unakuwa kitu cha kutoshea kwenye pochi. Jikoni kwake ana droo nzima ya vipembetatu hivyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nikimwona anakunja mfuko wakati watu wana njaa, natamani kumpokonya. Lakini ndivyo alivyo, na tumejuana miaka arobaini na tisa.

Mimi naitwa Bee Chin. Najitaja mapema ili lawama zijue pa kwenda: haya nayasema kwa mdomo wangu mwenyewe, na mdomo huu umeshanikosanisha na ndugu wawili na shemeji mmoja. Swee Gim hajawahi kugombana na mtu. Baba yake aliuza mkaa hapa kwetu George Town, akamtoa shule akiwa na miaka kumi na mitano amsaidie dukani. Alipotimiza kumi na minane akaja kiwandani Bayan Lepas, tukawekwa wanne kwenye meza moja, tukiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele, jicho kwenye hadubini kutwa nzima. Wanne hao ni mimi, yeye, Letchumi, na Mooi Leng.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikwenda kula vibandani. Sheria aliitunga Mooi Leng: kila mtu anaagiza kitu kimoja, lakini hakuna sahani ya mtu. Tambi za kamba, kimanda cha chaza, chila za nazi, wali wa kukaanga, vyote vinazunguka meza. Unakula vijiko vitatu, unamsukumia jirani. Letchumi hali nyama ya ng'ombe, basi ng'ombe haikuagizwa, na baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka kwamba ni sharti. Mwisho ilikuja keki, ile ya kijani ya majani ya pandani, laini mpaka inatikisika ukiishika. Hiyo haikukatwa kwa kisu, maana wasichana wa kiwandani tungetoa wapi kisu. Tuliimega kwa mikono, na wa kwanza kumega alikuwa Mooi Leng kila mara, kwa sababu alikuwa mroho na hakuona haya kuwa mroho. Mwanamke mwembamba vile, sijui alikuwa akikiweka wapi chakula! Akimaliza tambi alibeba bakuli kumrudishia muuzaji, mzee tuliyemwita Kengeza, amwongezee mchuzi.

Mimi niliolewa, na Letchumi akaolewa. Wale wawili hawakuolewa. Walipanga chumba kimoja, baadaye wakanunua nyumba ghorofa ya nane, wakaishi humo miaka thelathini na mmoja. Watu walisema waliyoyasema. Mimi na mdomo wangu wote sikuwahi kuuliza, kwa sababu kila nilipokwenda kwao nilikuta nyumba ambamo mmoja anapika na mwenzake anasifu. Kwangu mimi sifa zilikuwa haba.

Kisha figo za Mooi Leng zikaharibika. Daktari akaandika karatasi ya vitu alivyokatazwa, na Swee Gim akaibandika kwenye mlango wa friji. Chumvi hakuna. Mchuzi hakuna. Kamba, chaza, sosi, nazi, hakuna. Hata maji yalikuwa kwa kipimo. Swee Gim aliifuata karatasi ile neno kwa neno. Miezi mitano alimpikia uji wa mchele usio na chumvi, asubuhi, mchana na jioni, na mgonjwa akaunywa huku amekunja uso.

Jumamosi moja mimi na Letchumi tulikwenda kuwatazama. Mooi Leng alikuwa kitandani, midomo imemkauka. Akasema, "Gim, nenda pale kwa Kengeza uniletee mchuzi wa kamba. Sisemi bakuli. Kijiko kimoja tu."

Swee Gim akamjibu kwa upole, akimvuta shuka vizuri. "Ukipona."

Mooi Leng akageukia ukutani. Jumanne yake akafa.

Tangu hapo Swee Gim anakunywa uji. Miaka mitatu, uji ule ule wa mchele bila chumvi. Letchumi amembembeleza, mimi nimemtukana, tumempelekea vyakula mpaka mlangoni, naye amevipokea kwa shukrani akawagawia majirani. Husema, "Sina hamu." Uongo mtupu. Nimeshamwona akipita karibu na vibanda, anapunguza mwendo, pua imeinuka, halafu anakaza hatua ghafla utadhani kuna mtu kamkemea. Hamu anayo, na inamla. Amekonda hadi suruali anaibana kwa pini.

Na mimi je? Semeni Bee Chin ni mchoyo wa machozi, lakini zile Jumamosi nilizitamani mpaka kifua kikauma. Nilikwenda kula na watoto wangu, nikaenda na wajukuu, na kila mmoja alikumbatia sahani yake akiitazama simu. Hakuna aliyenisukumia chochote.

Mwaka huu, mwezi wa nne ulipoingia na watu wakaanza kupanda mlimani kusafisha makaburi ya wazee wao, mpwa wa Mooi Leng alisema hatakuja. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka Kuala Lumpur kila mwaka na kuku wake wa kuchemsha na machungwa. Swee Gim akanipigia simu.

"Bee Chin, mwaka huu twende sisi."

"Twende."

"Sitaki kuku wa kuchemsha. Nataka nimpelekee vitu vyake. Vyote vile."

Hapo nikaona mlango umefunguka kidogo, nikatia mguu. "Nitakuja kwa sharti. Mooi Leng akishamaliza, tunakula sote. Na wewe ukiwemo. Na usinibebee uji kwenye chupa."

Nikasikia mfuko wa plastiki ukikunjwa upande wake wa simu.

"Akishamaliza," akasema mwishowe. "Akisema mwenyewe kwamba ameshiba, nitakula."

Wafu wetu husema kwa sarafu. Ni mbili, zimepakwa rangi nyekundu ya kucha upande mmoja, wa pili umeachwa mweupe. Unamwandalia marehemu chakula, unamwachia nafasi, kisha unamwuliza kama ameshiba na kuzirusha. Zikianguka moja nyekundu na moja nyeupe, ameshiba, anajiendea zake, na walio hai wanakula. Zikianguka za rangi moja, bado anakula, na nyinyi mtulie.

Basi tukaondoka saa moja asubuhi kwa kigari cha Letchumi. Yeye ndiye dereva, kwani mimi nikishika usukani nashuka kila taa nyekundu kumfunza mtu adabu. Kituo cha kwanza kilikuwa kwa Kengeza. Jina lake la kweli sijui. Ni mzee anayeweza kutazama sufuria na mteja kwa wakati mmoja.

"Mzee, mabakuli manne ya kubeba," nikamwambia.

"Mko watatu."

"Wa nne yuko mlimani."

Upawa ukasimama. "Nani tena?"

"Mooi Leng. Yule mwembamba."

"Yule wa kurudisha bakuli?" Akajifuta mikono kwenye aproni. "Lo! Mimi nilidhani kahamia kwa yule mwizi wa mtaa wa pili. Miaka mitatu namkasirikia bure."

Akafunga tambi peke yake na mchuzi peke yake. Kamba akatia kwa mkono, bila kuhesabu. "Msichanganye mpaka mfike, zitavimba," akasema. Kisha akajaza mfuko mwingine wa mchuzi, akaufunga kwa mpira, akamkabidhi Swee Gim. "Na huu ni ule wa kurudishia bakuli. Mwambie sikujua."

Swee Gim aliupokea kwa mikono miwili. Alikwenda kukaa kwenye gari akiupakata, na ulikuwa wa moto, nikaona anauhamisha paja hadi paja.

Kimanda cha chaza tulikipata baada ya ugomvi, kwa sababu muuzaji alitaka kutupa chaza wadogo na Letchumi akamwambia, "Kaka, hawa ni chaza au mbegu za papai?" Chila za nazi tulizikuta bado zinatoka kwenye chuma, kingo zimekauka, katikati laini. Kwenye duka la keki binti wa kaunta alichukua kisu na kuuliza, "Mama, niwakatie vipande?"

"Usithubutu!" tukasema watatu kwa pamoja. Binti akarudi nyuma, na Swee Gim akafunika mdomo. Nadhani alicheka. Ilikuwa kitambo sana sijamwona akifunika mdomo namna ile.

Njia ya mlimani ni fupi, lakini jaribu kuipanda na njaa ndani ya gari lililojaa harufu ya kamba, nazi na keki. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa chila.

"Toa mkono," Letchumi akasema bila kugeuka.

"Moja tu. Ziko kumi na mbili, hatazihesabu."

"Marehemu hapewi masazo."

"We Mtamil umeyajulia wapi ya sisi Wahokkien?"

"Nimekaa na nyinyi karibu miaka hamsini. Najua kila mnachokataza, na najua nani anakifanya." Akapinda kona. "Sisi kwetu tunamngoja kunguru. Ukimpikia marehemu unaweka chakula uani, kunguru asipokula, hakuna wa kugusa. Mwaka juzi tulimpikia mama mkwe, tukamngoja kunguru mpaka saa tisa."

"Mama mkwe wako alikuwa hivyo hivyo hata alipokuwa hai."

"Usinichekeshe, naendesha."

Swee Gim nyuma hakuwa nasi. Alikuwa akiuzungushazungusha ule mfuko wa mchuzi, akiugusa kwa shavu kujua kama umepoa.

Kaburini tulifanya yanayofanywa. Mimi nilikata majani, Letchumi akafagia, Swee Gim akapiga magoti mbele ya jiwe na kibrashi chake akayapaka upya maandishi ya jina, rangi nyekundu, polepole, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Macho yale yaliunganisha nyaya miaka ishirini na sita. Tukatandaza karatasi za rangi juu ya udongo, tukazikandamiza kwa mawe. Kisha tukapanga chakula: tambi, kimanda, chila, keki katikati nzima. Swee Gim akamimina mchuzi juu ya tambi za Mooi Leng, akaweka kijiko upande wa kulia, akawasha udi.

"Leng," akasema, "tumekuja. Ni vya kwa Kengeza."

Tukamwachia muda. Kulia kwetu kulikuwa na ukoo mzima na nguruwe wa kuoka. Kushoto, mzee mmoja na mkewe na machungwa sita. Udi ulipofika nusu, Swee Gim akazishika sarafu kati ya viganja.

"Leng, umeshiba?"

Akarusha. Nyekundu mbili.

"Bado," akasema.

"Bila shaka bado," nikasema. "Pilipili hamjafungua! Huyu anakula tambi bila pilipili tangu lini?" Nikafungua pilipili, nikamwaga yote.

Tukangoja. Akarusha tena. Nyeupe mbili.

"Anatucheka," Letchumi akasema. Hiyo ndiyo maana yake, nyeupe mbili marehemu anacheka, na nilishangaa kwamba hata hilo analijua. "Kahawa. Hatukuleta kahawa." Akateremka hadi kwenye gari, akarudi na chupa yake mwenyewe, akammiminia kwenye kifuniko.

Mara ya tatu, nyekundu mbili. Wakati huohuo kunguru akashuka, akadonoa kamba mkubwa kuliko wote, akaondoka naye.

"Haya!" Letchumi akapiga makofi. "Kwetu hapo pameshaisha. Huyo ndiye mwenyewe, kashakula. Leteni sahani."

"Kwetu sivyo," Swee Gim akasema. Hakuwa anatania. Akasogea karibu na jiwe, akasema jua linamuumiza, akatupa mgongo. Toka hapo akawa anarushia kule mbele yake, juu ya saruji, sisi tunasikia mlio tu.

Kli-kli. "Bado."

Tukangoja. Kli-kli. "Bado."

Ukoo wa nguruwe ulikuwa umeshakula, umeshachoma karatasi, na watoto walikuwa wanapelekwa kwenye magari. Mzee na mkewe walimenya machungwa yao, wakatupungia mkono, wakaondoka. Kimanda kiligandiana. Keki ilianza kutoa jasho. Tumbo langu lilikuwa linasema kwa sauti, na hasira zangu mnazijua.

"Bado," Swee Gim akasema kwa mara ya saba au ya nane.

"Lakini huyu mtu gani!" nikamwambia Letchumi. "Mooi Leng alikuwa akimaliza bakuli kabla sijapata kijiko. Leo ndiyo kajifunza kutafuna?"

"Labda ana kinyongo," Letchumi akanong'ona. Hakucheka.

Hilo lilinikata, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliogopa. Nikainuka. Nilikusudia kumwambia Swee Gim anipe sarafu hizo, nirushe mimi, na kama Mooi Leng ana neno aniambie mimi usoni. Nikamwendea kwa nyuma, juu ya majani niliyoyakata, na hakunisikia.

Akarusha. Niliona kwa macho yangu. Moja nyekundu, moja nyeupe.

Kiganja chake kilishuka juu ya sarafu haraka. "Bado," akatangaza. Akaziokota.

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilikuwa na tusi kamili ulimini. Kisha nikaona anachokifanya. Alikuwa ameshika kijiko, amechota mchuzi, akaumimina polepole kwenye udongo chini ya jiwe, akachota tena. Ule mfuko wa pili wa Kengeza alikuwa ameshaufungua. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, ile ya kumsemesha mgonjwa:

"Kunywa, Leng. Kunywa tena. Daktari hayupo."

Nilirudi nilikotoka kwa miguu ya kunyata. Letchumi akanitazama. "Vipi?"

"Bado anakula," nikasema.

Letchumi alinitazama zaidi. Uso wangu si wa kuficha mambo. Akasogeza mwavuli, nikakaa chini yake, tukaendelea kungoja. Nilifikiri ni mara ngapi zilikuwa zimeanguka hivyo, moja na moja, na Swee Gim akazifunika. Labda tangu mara ya nne. Sarafu zikishasema ndiyo, marehemu anafuta mdomo na kuondoka, na sisi tunakunja mikeka. Maadamu ni bado, yupo pale, anakula, na mwenziwe anamchotea. Ningefanya vilevile. Ningezifunika kwa mikono miwili.

Lakini adhuhuri ilikuwa inapita, na mimi nilikuwa nimeahidiwa. Na si mimi tu. Kulikuwa na mwanamke aliyebana suruali kwa pini, na bakuli la tambi lililokuwa lake, halijafunguliwa. Nikaenda, safari hii nikikanyaga kwa kishindo, nikapiga magoti pembeni yake. Magoti yangu hayapendi kukunjwa.

"Gim."

"Bado, Bee Chin."

"Nimeona."

Hakugeuka. Mkono wenye sarafu ukajifumba.

"Nikisema ameshiba ataondoka," akasema.

"Ndiyo."

"Mchuzi umebaki nusu."

"Naona."

"Aliniomba kijiko kimoja. Mlikuwepo. Kijiko, Bee Chin, kingemfanya nini? Alikuwa anakufa, kila mtu alijua, hata mchoma sindano alijua, ni mimi tu niliyekuwa napima maji. Nikamwambia akipona. Akageuka. Hakuniangalia tena vizuri mpaka Jumanne."

Miaka mitatu watu walimwambia haikuwa kosa lake. Daktari alimwambia, mpwa alimwambia, Letchumi alimwambia kila sikukuu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kurudi kwenye uji wake. Mimi sikuwa na maneno mazuri kuliko yao. Nilikuwa na huu mdomo tu.

"Ulimnyima," nikasema. "Mimi siku ile nilitaka kukuzaba kibao. Ungempa."

Letchumi nyuma akaguna, "Bee Chin!"

Lakini Swee Gim aligeuka, akanitazama. Macho yake yalijaa, na mabega, yale mabega aliyokuwa ameyainua miaka mitatu, yakashuka. "Eh," akasema. "Ningempa."

"Na mimi ningeweza kuteremka ghorofa nane nikamletea mwenyewe. Kwa Kengeza ni dakika kumi. Nilikaa kwenye kiti nikala biskuti zenu. Kwa hiyo tugawane."

Akanifuta mimi machozi kwa ukingo wa kiganja, yeye, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Kisha akasogea, akatupa nafasi, Letchumi akaja akachuchumaa upande wa pili. Swee Gim akamimina mchuzi uliobaki, wote, mpaka akaukamua mfuko. Akafungua kiganja mbele yetu.

"Leng. Umeshiba?"

Akarusha peupe. Nyekundu mbili.

Tulizitazama. Halafu Letchumi, mwanamke wa heshima, bibi wa wajukuu saba, akaanza kucheka puani. "Kaona mmemsingizia," akasema. "Sasa anawakomesha."

Swee Gim akacheka. Alisahau kufunika mdomo. Alicheka mpaka akashika jiwe, na mimi nikacheka, nikamtukana Mooi Leng kwa jina lake lote, nikamwambia mroho, mbinafsi, hata kuzimu hajui wenzake wana njaa. Tulicheka hadi mlinzi wa makaburi akatokeza kutazama. Kisha taratibu kicheko kikatuishia, upepo ukapita kwenye zile karatasi za rangi, na Swee Gim akazichukua sarafu bila haraka.

"Basi, Leng," akasema. "Nimekosa. Umeshiba?"

Moja nyekundu, moja nyeupe.

Aliziacha pale pale zilipoanguka. Alizitazama, na hakuzifunika. Nilimwona anatazama upande wa chini, kule njia inakoshukia, kama unavyomtazama mtu aliyekwishakuaga. Letchumi alimshika mgongo.

Kisha Swee Gim akachukua bakuli la Mooi Leng, si lile lake. Tambi zilikuwa zimevimba zimejaa bakuli zima, mchuzi umepoa, pilipili imetanda juu kwa sababu yangu. Akachota kijiko kimoja. Mchuzi mwingine ukamwagikia blauzi. Akanywa.

Alikaa nao mdomoni. Tulimwangalia koo.

"Una chumvi," akasema. "Una chumvi nyingi kweli, jamani. Daktari alisema haki."

Akachota cha pili, akanywa, akafuta pua kwa mkono wa blauzi.

"Lakini ningelimpa tu," akasema, na akaendelea kunywa, akilia, kijiko baada ya kijiko, mpaka akaona chini ya bakuli.